Kuhesabu, Kusoma kwa Kina au Kuuliza Hadhira: Njia Ipi Ichaguliwe Kuchunguza Taswira za Makundi katika Vyombo vya Habari

Malalamiko kwamba vyombo vya habari vinalichora vibaya kundi fulani, liwe la wanawake, wahamiaji, watu wenye ulemavu, wazee, maskini au waumini wa dini fulani, ni rahisi kuyatoa na ni rahisi vilevile kuyakanusha. Mlalamikaji huja na mifano mitatu anayoikumbuka, mhariri humjibu kwa mifano mingine mitatu inayoonyesha kinyume, na mazungumzo huishia hapo. Anayetaka kuvuka hatua hiyo, awe mwanafunzi anayeandaa tasnifu, mhariri anayetaka kukikagua chumba chake cha habari au chama kinachotaka kupeleka hoja mbele ya baraza la habari, hana budi kuchagua njia ya kuchunguza. Njia zinazotumika zaidi ni tatu: kuhesabu yaliyomo, kusoma matini na picha chache kwa kina, na kuwauliza wasomaji, wasikilizaji au watazamaji wenyewe. Ipo ya nne, yaani jaribio, ambayo nitaigusa kwa ufupi kwa sababu wengi hawana nyenzo za kuiendesha.

Tangu mwandishi wa habari wa Marekani Walter Lippmann alipoandika mwaka 1922 kuhusu picha tulizonazo vichwani ambazo hutangulia kuona kwetu, swali hili limekuwa na sehemu tatu ambazo watu huzichanganya: kundi linaonekana kwa kiasi gani, linaonekana likiwa nani, na kuonekana huko kunafanya nini katika fikra za watu. Kuhesabu hujibu swali la kwanza, kusoma kwa kina hujibu la pili, na kuuliza hadhira hujaribu kujibu la tatu. Udhaifu mkubwa wa ripoti nyingi za aina hii ni kutumia njia ya swali moja kujibu swali jingine. Ripoti huhesabu picha, kisha katika hitimisho ikatangaza kwamba jamii imepotoshwa, ilhali hakuna hata mwanajamii mmoja aliyeulizwa.

Kuhesabu

Uchambuzi wa maudhui, kama wataalamu wanavyouita, ni kazi ya kuandaa orodha ya mambo ya kutafutwa, kuchagua sampuli ya magazeti, vipindi au filamu, kisha kurekodi kila kinachoonekana kwa kanuni zilezile tangu mwanzo hadi mwisho. Nguvu yake ni kwamba matokeo yake hayapingiki kwa urahisi. Mradi wa Global Media Monitoring Project, ambao huwaunganisha watu wa nchi nyingi katika kuhesabu habari za siku moja iliyopangwa, ulianza mwaka 1995 katika nchi 71 na kukuta kwamba wanawake walikuwa asilimia 17 tu ya watu waliotajwa, kuonekana au kusikika katika habari. Mwaka 2020, nchi zikiwa 116, asilimia hiyo ilikuwa imefika 25. Hakuna usomaji wa kina, hata uwe wa mahiri kiasi gani, unaoweza kuonyesha mwendo wa kinyonga wa namna hiyo katika kipindi cha robo karne, na hakuna mhariri anayeweza kuukanusha kwa kutoa mifano mitatu.

Hata hivyo siku moja ni siku moja, na ikiwa siku hiyo imetawaliwa na uchaguzi au msiba mkubwa, watu waliomo katika habari watakuwa wale wa tukio hilo. Mradi huo unaokoa hali kwa kuwa na nchi nyingi. Mtu mwenye gazeti moja au kituo kimoja cha redio hana kinga hiyo. Kwake yeye njia bora ni kuunda wiki kwa siku zilizotawanyika: Jumatatu moja iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka mwaka mzima, Jumanne moja kwa namna hiyohiyo, hadi siku saba zitimie. Daniel Riffe na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba wiki mbili zilizoundwa hivyo zinatosha kuwakilisha mwaka mzima wa gazeti la kila siku, jambo ambalo linapaswa kumpa moyo kila anayedhani kwamba kuhesabu kunamtaka asome matoleo yote.

Swali ambalo wanaohesabu hulisahau mara nyingi ni hili: hesabu hiyo inalinganishwa na nini? Kusema kwamba kundi fulani ni asilimia 30 ya watuhumiwa wanaoonyeshwa kwenye televisheni hakumwambii msomaji chochote mpaka ajue ni asilimia ngapi ya watu wote waliokamatwa, au ya wakazi wote, na vipimo hivyo viwili huweza kutoa majibu yanayopingana. Mfano mzuri wa kazi iliyolizingatia hili ni uchunguzi wa Martin Gilens, uliochapishwa mwaka 1996, juu ya picha za watu maskini katika majarida matatu makubwa ya habari ya Marekani kati ya mwaka 1988 na 1992. Asilimia 62 ya maskini waliokuwa katika picha walikuwa Wamarekani weusi, wakati takwimu za serikali zilionyesha kuwa walikuwa asilimia 29 ya maskini wa nchi hiyo. Kazi hii haikuishia kwenye rangi, kwani ilionyesha pia kwamba maskini wazee na maskini wenye kazi, wale ambao umma huwaonea huruma zaidi, walikuwa wachache mno katika picha hizo. Bila kipimo cha kulinganishia, asilimia 62 ingebaki kuwa nambari ya kushangaza tu. Kikiwepo, inageuka kuwa hoja.

Jambo la pili linalopuuzwa ni makubaliano ya wanaohesabu. Watu wawili wakipewa habari ileile na mwongozo uleule, kisha mmoja akaandika kwamba mhusika ameonyeshwa kama mwathiriwa na mwingine akaandika kwamba ameonyeshwa kama mhalifu, tatizo liko kwenye mwongozo, na hesabu yoyote itakayotoka humo ni ubatili. Kipimo kinachotumika sana ni alfa ya Krippendorff, ambapo 1 ni makubaliano kamili, 0.80 huchukuliwa kuwa kiwango cha kuaminika na chini ya 0.667 matokeo hayafai hata kwa hitimisho la tahadhari. Anayesoma ripoti ya wengine na asione kipimo chochote cha aina hii ana haki ya kuitilia shaka.

Kwa wale wanaotaka kipimo cha haraka, liko jaribio linalojulikana kwa jina la Alison Bechdel, lililotokana na katuni yake ya mwaka 1985: je, filamu ina angalau wanawake wawili, wanaozungumza wao kwa wao, juu ya jambo lisilohusu mwanamume? Ni chombo kizuri cha kuamsha mjadala darasani, na kinashangaza kwa idadi ya filamu zinazokishindwa, lakini hakipimi kama wanawake hao wamechorwa kwa haki. Filamu ya dharau inaweza kulifaulu kwa mazungumzo ya dakika moja, na filamu ya heshima yenye mhusika mmoja peke yake ikashindwa.

Siku hizi wako wanaoikabidhi kazi hii kwa kompyuta, zihesabu nyuso na sauti ndani ya maelfu ya saa za video. Ningewashauri wafikiri mara mbili. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba programu za kibiashara za kutambua jinsia kwa uso zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, huku kosa kwa wanaume weupe likiwa halizidi asilimia 0.8. Programu za leo zimeboreshwa, lakini kanuni inabaki: chombo kisichowaona vizuri watu wa kundi fulani hakiwezi kuaminiwa kutuambia ni mara ngapi kundi hilo limeonekana.

Kusoma kwa kina

Njia ya pili huacha wingi na kushika uchache. Mchunguzi huchukua habari tano au kumi, tangazo moja, au tamthilia moja, akauliza nani ndiye mtenda katika sentensi na nani anatendwa, nani anapewa jina na nani anabaki kuwa “wahamiaji” au “akina mama”, nani ananukuliwa na nani anazungumziwa tu, kabila au dini ya mtuhumiwa inatajwa lini na inanyamaziwa lini, na ni nani ambaye kamera inamtazama kutoka juu. Maswali haya hayana nambari, lakini huona vitu ambavyo hesabu haina macho ya kuvionea.

Ubora wake huonekana vizuri katika suala la ulemavu. Tuseme mchunguzi anayehesabu ameweka safu mbili katika jedwali lake, ya taswira chanya na ya taswira hasi. Mtu mwenye ulemavu anayeonyeshwa akiomba msaada ataingia kwenye safu ya hasi, na yule anayeonyeshwa kama shujaa aliyepanda mlima kwa kiti cha magurudumu ataingia kwenye safu ya chanya. Wanaharakati wa haki za watu wenye ulemavu wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba taswira hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zote zinamnyima mtu huyo nafasi ya kuwa mwajiriwa wa kawaida, mzazi mwenye mawazo ya karo, au jirani mkorofi. Jedwali la chanya na hasi litatangaza maendeleo mahali ambapo dhana mgando, yaani picha iliyoganda vichwani kuhusu kundi zima, imebadilisha nguo tu. Ni kwa sababu hii nina mashaka makubwa na kila ripoti inayotumia safu hizo mbili kama kipimo chake kikuu.

Wakati mwingine usomaji wa kina ndio unaozaa hesabu nzuri. Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kazi yake ya mwaka 1979 juu ya matangazo ya magazeti, hakuhesabu kitu. Aliweka mamia ya picha pamoja na kuonyesha mambo ambayo macho yalikuwa yamezoea kuyapita: mkono wa mwanamke unaogusa kitu kwa wepesi badala ya kukishika, kichwa kilichoinamishwa upande, mwanamume aliyewekwa juu zaidi katika fremu, mwanamke aliyelala wakati wengine wamesimama. Baadaye watafiti wengine walizigeuza alama hizo kuwa orodha ya kuhesabiwa na wakaweza kulinganisha matangazo ya miaka tofauti. Kama wangeanza kwa kuhesabu, wangehesabu idadi ya wanawake katika matangazo, wakakuta ni wengi, na wakarudi nyumbani wameridhika.

Udhaifu wa njia hii ni wa aina mbili. Wa kwanza unajulikana na wote: mchunguzi anaweza kuchagua mifano inayomuunga mkono. Dawa yake ni kutangaza kanuni ya uchaguzi kabla ya kuanza, kwa mfano habari zote za ukurasa wa kwanza katika siku kadhaa zilizotajwa, na kuichambua pia mifano inayokwenda kinyume.

Wa pili ni wa hila zaidi. Wakati wa Kimbunga Katrina, mwishoni mwa Agosti 2005, picha mbili za watu waliokuwa wakitembea ndani ya mafuriko huko New Orleans wakiwa na vyakula zilisambaa zikiwa zimewekwa pamoja. Maelezo ya picha ya kwanza, yenye kijana mweusi, yalisema kwamba alikuwa amepora duka. Ya pili, yenye watu wawili weupe, yalisema kwamba walikuwa wamepata mkate na soda. Mtu anayehesabu angeziweka zote mbili katika kundi moja la watu waliokumbwa na mafuriko, na tofauti ya kitenzi ingempita. Msomaji makini aliiona mara moja, na aliona sawa. Alipokwenda kombo ni pale alipodai kujua nia ya wahariri, kwa kuwa picha hizo zilitoka kwa mashirika mawili tofauti: mpigapicha wa kwanza alieleza kwamba alimwona kijana yule akiingia dukani na kutoka na bidhaa, na wa pili akaeleza kwamba hakuwaona wale wawili wakiingia popote na kwamba vitu vilikuwa vikielea majini. Maelezo hayo hayaondoi athari ya picha hizo zikitazamwa pamoja, na mtu anaweza kuuliza kwa nini kijana mwenye njaa ndani ya mafuriko aitwe mporaji hata kama ameingia dukani. Lakini yanatukumbusha kwamba matini hueleza kilichoandikwa, na haielezi kwa nini kiliandikwa hivyo. Anayetaka kujua sababu anapaswa kwenda chumba cha habari kuuliza jinsi habari inavyogawiwa, inavyohaririwa na inavyokimbizwa na muda.

Kuuliza hadhira

Hapa ndipo uchunguzi mwingi unapopungukiwa, na hapa ndipo ningependa anayechagua asimame kidogo. Njia mbili zilizotangulia zinachukulia, bila kusema, kwamba ujumbe ukitoka hufika kama ulivyotumwa. Mtaalamu wa taaluma za utamaduni, Stuart Hall, alilipinga wazo hilo mwaka 1973 akiwa Birmingham, kwa hoja kwamba mtazamaji anaweza kuupokea ujumbe kwa maana iliyokusudiwa, akaukubali nusunusu huku akiupatanisha na maisha yake, au akausoma kinyume kabisa. Ushahidi wa hoja hiyo haukuchelewa.

Televisheni ya Marekani ilianza mwaka 1971 kurusha vichekesho vya All in the Family, ambavyo mhusika wake mkuu, Archie Bunker, ni mzee mwenye chuki za rangi na dini anayechorwa kwa makusudi ili achekwe. Waliosifu kipindi hicho waliamini kwamba dhihaka ingeziumbua chuki zake. Neil Vidmar na Milton Rokeach waliwauliza watazamaji wa Marekani na Kanada, na katika matokeo yao ya mwaka 1974 wakaeleza kwamba watazamaji wenye ubaguzi mwingi waliwazidi wengine katika kumpenda Archie na kumwona kuwa ndiye anayesema kweli. Usomaji wa kina wa maandishi ya kipindi hicho, hata ungefanywa na bingwa, ungetoa jibu kwamba kinapinga ubaguzi, na jibu hilo lingekuwa sahihi kuhusu maandishi na pungufu kuhusu watu sebuleni mwao.

Mfano wa pili unahusu taswira nzuri. The Cosby Show, iliyorushwa kati ya mwaka 1984 na 1992, ilionyesha familia ya Wamarekani weusi ya daktari na mwanasheria, yenye upendo, elimu na ucheshi, na katika hesabu ya aina yoyote ingeandikwa kuwa ushindi. Sut Jhally na Justin Lewis walikaa na vikundi vya watazamaji, weusi na weupe, na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Watazamaji wengi weupe waliipenda familia hiyo kwa dhati, lakini waliichukua pia kuwa uthibitisho kwamba ubaguzi umekwisha, na kwa hiyo weusi walio maskini wamejitakia wenyewe. Mtu anayepigania kuongeza taswira nzuri za kundi lake, na wengi hulipigania hilo kabla ya jambo lolote, angefanya vyema kuyakumbuka matokeo haya kabla hajaandika madai yake.

Kwa hiyo kuuliza hadhira kunaonekana kuwa mfalme wa njia zote, na kwa swali la athari ndivyo kulivyo. Lakini kuna gharama na kuna mitego. Gharama ni muda: mjadala wa kikundi kimoja wa saa moja na nusu huzaa kurasa nyingi za kunakili, na kikundi kimoja hakitoshi. Mtego wa kwanza ni adabu. Watu wakijua kwamba wanaulizwa kuhusu ubaguzi, hujibu kama watu wasio na ubaguzi, na ndiyo maana wachunguzi wazoefu huanza kwa kuwaomba wasimulie upya habari waliyoiona, kisha wakasikiliza nani amesahauliwa katika usimulizi na nani ameongezewa sifa ambayo haikuwamo. Mtego wa pili ulielezwa na W. Phillips Davison mwaka 1983: watu huamini kwamba vyombo vya habari huwaathiri wengine zaidi kuliko vinavyowaathiri wao. Ukiuliza “je, kipindi hiki kimekubadilisha?” utaambiwa hapana, ukiuliza kuhusu majirani, utaambiwa ndiyo, na majibu yote mawili hayakupi kipimo cha athari.

Kuna pia hatari ya kudai makubwa kutokana na uhusiano wa takwimu. George Gerbner na wenzake, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 waliunganisha kuhesabu ukatili wa televisheni na hojaji kwa watazamaji, walidai kwamba wanaotazama sana huiona dunia kuwa ya kutisha kuliko wanaotazama kidogo. Paul Hirsch aliporudia uchambuzi wa takwimu za aina hiyo mwaka 1980 akizingatia kwa pamoja elimu, umri na mambo mengine, sehemu kubwa ya uhusiano huo ilififia. Mjadala uliendelea kwa miaka mingi, na mpango wa Gerbner wa kuunganisha njia mbili bado ni wa kuigwa, lakini anayetumia hojaji pekee akumbuke kwamba mtazamaji sugu hutofautiana na wengine kwa mambo mengi zaidi ya saa anazokaa mbele ya runinga.

Jaribio, kwa ufupi

Anayetaka kusema kwamba taswira fulani ndiyo iliyosababisha mabadiliko fulani anahitaji jaribio, yaani kuwagawa watu kwa bahati nasibu, baadhi waone taswira hiyo na wengine waone kitu kingine. Shanto Iyengar alifanya hivyo na kuonyesha mwaka 1991 kwamba habari za umaskini zinazosimulia kisa cha mtu mmoja huwafanya watazamaji wamlaumu zaidi mtu huyo, wakati habari zinazoeleza hali ya jumla huwaelekeza kuitazama serikali na jamii. Elizabeth Levy Paluck alifanya jaribio gumu zaidi nchini Rwanda, ambako jamii kadhaa zilisikiliza kwa mwaka mzima tamthilia ya redio ya maridhiano, Musekeweya, na nyingine zikasikiliza tamthilia ya afya. Matokeo yake ya mwaka 2009 ni ya kufikirisha: imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana, bali kilichobadilika ni walivyoamini kuwa ndivyo inavyofaa kutenda katika jamii yao, pamoja na utayari wao wa kusema wanachokiona. Hojaji inayouliza tu kuhusu imani ingetangaza kwamba tamthilia hiyo imeshindwa.

Jambo moja, majibu matatu

Tofauti za njia hizi huonekana wazi zaidi zinapoelekezwa kwenye jambo lilelile, na hakuna jambo zito kuliko redio ya RTLM (Radio Télévision Libre des Mille Collines), iliyoanza kurusha matangazo nchini Rwanda mwaka 1993 na kuwaita Watutsi mende. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, walisoma na kusikiliza matangazo hayo neno kwa neno, na hukumu ya Desemba 2003 ikasimama juu ya usomaji huo. Kwa swali la mahakama, yaani nini kilisemwa na kama kusema huko ni uchochezi, hiyo ndiyo njia iliyofaa. Nalo jopo la rufani, mwaka 2007, lilitofautisha kwa uangalifu matangazo ya kabla na ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994, siku ndege ya rais ilipodunguliwa na mauaji ya kimbari yakafuata.

David Yanagizawa-Drott alikuwa na swali jingine. Alitumia ukweli kwamba vilima vya Rwanda vilizuia mawimbi ya redio katika vijiji fulani na kuyaacha yafike katika vingine, akalinganisha vijiji hivyo, na mwaka 2014 akakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ulitokana na matangazo hayo. Scott Straus, katika kazi ya mwaka 2007, alikuwa amewahoji wafungwa waliokiri kushiriki, na wengi wao hawakuitaja redio kuwa sababu kuu. Walizungumzia zaidi kushawishiwa na kushurutishwa ana kwa ana na viongozi na wanaume wa maeneo yao. Wako wanaosema kwamba mtu hawezi kujua kilichomsukuma, au kwamba mfungwa ana sababu zake za kujibu anavyojibu, na wako wanaosema kwamba ramani ya mawimbi haijui kilichotokea mlangoni kwa mtu. Kwa maoni yangu kazi hizo tatu hazipingani kama inavyodhaniwa. Redio ilichochea, athari yake inayopimika ilikuwa sehemu na siyo yote, na iliwafikia wengi kupitia vinywa vya watu waliowafahamu. Hakuna njia moja kati ya tatu ambayo ingeyaona yote hayo.

Ipi kwa nani

Mhariri anayetaka kukikagua chombo chake ahesabu, na ahesabu kitu anachoweza kukibadilisha. BBC ilianza mwaka 2017 mpango wa 50:50, ambao vikundi vya watayarishaji hujihesabia wenyewe wageni wanaowaalika kwa uwiano wa jinsia, bila kuwahesabu watu ambao tukio lenyewe limewalazimisha, kama vile waziri aliyetoa tamko siku hiyo. Uamuzi huo mdogo wa nani asihesabiwe ndio unaoifanya hesabu ikubalike na wanaoifanya, kwa sababu hawalaumiwi kwa jinsia ya waziri.

Chama au jumuiya yenye malalamiko mahususi dhidi ya habari fulani haihitaji hesabu ya mwaka mzima. Kinachohitajika ni usomaji wa kina wa habari hiyo, ukiwekwa sambamba na habari ya chombo hichohicho kuhusu mtu wa kundi jingine katika hali inayofanana. Ulinganisho huo wa habari mbili huwa na nguvu mbele ya baraza la habari kuliko kurasa nyingi za hasira. Lakini ikiwa malalamiko ni kwamba habari za namna hiyo ni desturi ya chombo hicho, habari mbili hazitoshi, na hapo hesabu haikwepeki.

Mwanafunzi mwenye miezi michache na asiye na wasaidizi mara nyingi huvutiwa na hojaji, kwa kuwa inaonekana kuwa kazi ya wiki mbili. Ningemshauri aikwepe. Hojaji mbovu kuhusu ubaguzi ni rahisi kuliko kitu chochote kuiandaa, na majibu yake ya adabu hayana thamani. Afadhali achambue kwa kina sampuli ndogo aliyoichagua kwa kanuni, kisha afanye mijadala ya vikundi vichache juu ya habari mbili au tatu kati ya hizo, aone wasomaji wanasoma nini mahali ambapo yeye alisoma kingine.

Mtayarishaji wa tamthilia, tangazo au kampeni ya kubadili dhana mgando yuko katika hali tofauti na wote hao, kwa kuwa yeye bado ana nafasi ya kurekebisha. Asitosheke na sifa za wenzake, wala na kundi lenyewe linalochorwa kumpongeza. Watu wa kuwaonyesha rasimu mapema ni wale wenye dhana anayotaka kuivunja, na awaombe wamsimulie hadithi hiyo kwa maneno yao.

Na kwa kikundi chenye watu watatu au wanne na muda wa kutosha wa kuunganisha njia, mpangilio ninaoupendekeza ni kinyume cha ule uliozoeleka. Wengi huanza na hesabu kwa kuwa inatoa jedwali haraka, kisha wakatafuta mifano ya kuipamba. Waanze na habari kumi wakizisoma pamoja kwa sauti, mpaka wakubaliane ni alama zipi zinajirudia na hazikuwa katika matarajio yao. Alama hizo ndizo ziingie kwenye mwongozo wa kuhesabu, ujaribiwe na watu wawili wasioshauriana, na usipofika kiwango cha makubaliano uandikwe upya. Ndipo waende kwenye wiki mbili walizoziunda. Hadhira iulizwe mwisho, na iulizwe tu ikiwa ripoti inakusudia kusema neno lolote kuhusu wanachokiamini watu. La sivyo, sentensi za aina hiyo zifutwe kwenye hitimisho, na ripoti ibaki fupi.